Kaunti Ianze na Sufuria Zake

Mwaka 2009 mji wa Ghent nchini Ubelgiji uliwaomba wakazi wake wapumzike kula nyama kila Alhamisi, na shule za mji zikafuata. Mwaka 2023 baraza la jiji la Edinburgh, Uskoti, likaunga mkono mkataba wa kimataifa unaohimiza vyakula vya mimea kwa ajili ya tabianchi. Hoja yao ina msingi. Ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayopasha hewa joto mara nyingi zaidi ya hewa ya ukaa, na malisho yake hula ardhi ambayo ingebaki msitu. Watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek, waliokusanya takwimu za mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119 na kuzichapisha mwaka 2018, walionyesha kwamba hata nyama ya ng'ombe inayozalishwa kwa uchafuzi mdogo kabisa hutoa gesi hizo takriban mara sita ya protini itokayo kwenye njegere. Kisumu nayo haiko mbali na madhara: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, na maji yakawafukuza watu makwao. Basi je, serikali ya Kaunti ya Kisumu iige Ghent? Naamini iige lengo, lakini mahali pa kuanzia ni kwingine kabisa.

Tazama kinacholiwa Obunga. Mtaa huu wa Kisumu umejulikana kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchuna minofu na kuisafirisha nje ya nchi. Akina mama huinunua mifupa hiyo yenye mabaki ya nyama, huikaanga na kuiuza, na familia nyingi hula samaki kwa njia hiyo. Siku nyingine ni ugali kwa sukuma wiki, au omena mfuko ukiruhusu. Mkenya wa kawaida hula takriban kilo 15 za nyama kwa mwaka, ilhali Mmarekani hupita kilo 100, na Obunga haiko upande wa juu wa wastani huo wa Kenya. Kumwendea mama wa hapa na bango la kumsihi apunguze nyama ni kumdai asichonacho. Kampeni ya namna hiyo ingeuacha mchango wa Kisumu katika joto la dunia pale pale, na ingewafanya watu waichukie hoja ambayo kwa kweli inawahusu sana.

Kaunti ina sufuria zake yenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kilimo, hospitali na zahanati, elimu ya chekechea, na masoko. Hapo ndipo serikali ya mtaa inaweza kuamua chakula bila kumwingilia mtu jikoni mwake: chakula cha wagonjwa, cha watoto wa chekechea, na cha mikutano na semina zake, ambako nyama huhesabiwa kuwa ndiyo heshima ya mgeni. Nairobi imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu 2023, kupitia mpango wa Dishi na County, watoto wa shule hulipa shilingi 5 na kupewa wali kwa maharagwe au ndengu kutoka majiko makubwa. Lengo lilikuwa njaa wala si tabianchi, na hilo halipunguzi kitu: mtoto ameshiba, na sahani yake ni ya mimea.

Wapo watakaosema mtoto mdogo hawezi kukua kwa majani. Wana haki ya kuuliza, maana chuma na vitamini B12 si mambo ya kupuuzwa. Lakini hakuna sababu ya kuondoa omena kwenye sahani hiyo: ni samaki anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, anayekaushwa juani, na kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili huishia kuwa chakula cha kuku na mifugo. Mboga za kienyeji nazo si za kudharau. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno karibu na Kisumu na kutuzwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010, ametumia miaka mingi kuthibitisha ubora wa osuga, dek, mitoo na boo. Mboga hizi huwa tayari kuchumwa katika wiki chache, zina virutubisho vingi kuliko kabichi, na wapishi wa kanda ya ziwa wanajua tangu zamani kuzitia maziwa ili uchungu upungue.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni la moto. Maharagwe huchemka kwa saa nyingi, na makaa ni ghali. Unaweza kuokoa msitu kwa kuacha nyama kisha ukaukata kwa ajili ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza na jiko la umma, kwa kuwa sufuria moja inayolisha mamia hutumia moto kidogo kwa kila sahani. Kwa wapikao nyumbani, kaunti iwasaidie wanawake ambao tayari huuza maharagwe yaliyochemshwa mitaani, wapate majiko bora na mahali safi pa kuuzia. Usafi huo uanzie shambani, kwa sababu mboga iliyomwagiliwa majitaka ya Mto Kisat haimfai mtu yeyote, hata iwe rafiki wa tabianchi kiasi gani. Na kwa kuwa mboga nyingi za mji huu hutoka mbali, Vihiga na Kisii, wauzaji wa soko la Kibuye wanahitaji kivuli na maji safi ili zisinyauke na kutupwa kabla ya jioni. Gharama hizo ziingie kwenye bajeti ya kaunti kabla ya bango la kwanza kuchapishwa.