Nani Aliyelitia Yai Ugonjwa?

Habari hii hutokea mara nyingi katika vilima vya Masisi, na yamkini msomaji ameiona nyumbani kwake. Mama ameatamisha mayai 12. Siku 21 zikatimia. Mayai 5 yakawa viza, vifaranga 7 wakaanguliwa. Kabla ya juma la pili kwisha, 5 kati yao wamekufa. Walisinzia, mabawa yakining'inia, wakilia kwa sauti nyembamba, na kinyesi cheupe kama chokaa kimewagandamana nyuma. Jirani akaja kutoa pole. Akatazama juu, akawaona minana waliojenga viota katika mti ulio kando ya banda, nao hushuka kila asubuhi kudonoa pumba za kuku. Akasema, “Hao ndio waliokuletea balaa.” Kesho yake vijana wakatumwa na mapanga kuukata mti.

Je, mti ukisha kukatwa, vifaranga wajao watapona? Swali hili si la mchezo. Kuku wa mama huyo ndio chumvi na sabuni, ndio daftari la mtoto wa shule, na yai ndilo nyama ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Hivyo twataka kulitazama shitaka la jirani kwa makini, tusimhukumu ndege bure wala tusimwachilie bure.

Kwanza, ugonjwa huu si mdondo. Mdondo huletwa na virusi, huua wakubwa kwa wadogo, na chanjo yake ipo. Huu wa kinyesi cheupe huletwa na bakteria, kijidudu mdogo sana aitwaye Salmonella. Jina hilo limetoka kwa Daniel Salmon, mganga wa wanyama wa Marekani, ingawa aliyemgundua kijidudu huyo mwaka 1885, kwa nguruwe, alikuwa Theobald Smith, msaidizi wake. Ndivyo yalivyo mambo ya dunia: mmoja hulima, mwingine huitwa mkulima.

Aina za Salmonella ni nyingi. Aina iitwayo Pullorum ndiyo inayoua vifaranga kwa kuhara kweupe, na ndugu yake Gallinarum huwaua hata kuku wakubwa. Ujanja wa Pullorum ni huu: kuku aliyeugua utotoni akapona huonekana mzima kabisa. Anakula, ananenepa, anataga. Walakini kijidudu amejificha tumboni mwake, mahali pale pale viini vya mayai vinapotungwa. Yai hutoka safi kwa nje, ganda zima, nalo lina ugonjwa ndani tangu kabla ya ganda kuumbwa. Kifaranga huanguliwa mgonjwa, naye huwaambukiza wenzake chini ya mbawa za mama yao. Basi jirani alipokuwa akitazama juu mtini, mwenye kosa aghalabu alikuwa amelala kiotani akiatamia.

Wamarekani walilijua jambo hilo wakalifanyia kazi. Tangu mwaka 1935 walianza mpango wa taifa wa kupima damu ya kuku wa mbegu, tone moja tu kwa kila kuku, na kila aliyeonekana na ugonjwa akaondolewa. Kwa njia hiyo kuhara kweupe kulitoweka karibu kabisa katika mashamba yao makubwa. Hawakukata miti.

Lakini yai lina mlango wa pili, nao ni ganda lenyewe. Ganda lina vitundu maelfu, vidogo hata jicho lisivione, kwa kuwa kifaranga aliye ndani anahitaji kuvuta hewa. Yai linapotoka lina joto la mwili wa kuku, digrii 41 hivi. Likianza kupoa, vilivyomo ndani husinyaa na hewa hufyonzwa kupitia vitundu vile. Kama yai limeangukia nyasi zilizolowa kinyesi, pamoja na hewa huingia uchafu. Ndiyo maana si vema kuliosha kwa maji baridi yai lililo na joto: maji huondoa utando wa asili unaolinda ganda, na baridi hulifanya yai livute uchafu ndani. Lifutwe kwa kitambaa kikavu tu.

Ute wa yai nao una silaha zake. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini baadaye, alieleza habari za dawa ya asili iliyomo katika machozi na mate yetu, nayo imo kwa wingi katika ute wa yai. Hivyo bakteria wachache wanaoingia huweza kuzuiwa siku kadhaa. Yai likichakaa, na hasa likikaa penye joto, ngozi nyembamba inayofunika kiini hulegea, na bakteria wakikifikia kiini hujipatia karamu. Hapa wilaya zetu mbili zinatofautiana. Masisi iko juu, usiku wake ni wa baridi, na yai hustahimili. Walikale iko chini katika msitu wenye joto na mvua nyingi. Huko yai lisikae siku nyingi jikoni kungoja mnunuzi.

Na ndege, je? Hawana hatia kabisa? La, hatusemi hivyo. Shomoro, njiwa na kunguru huweza kubeba Salmonella matumboni, hasa wale wanaokula jalalani na penye choo. Mwaka 2021 huko Marekani watu waliugua kwa sababu ya ndege wadogo wa mwituni waliokuwa wakilishwa nafaka bustanini. Yangeyange wanaofuata ng'ombe katika malisho ya Masisi huacha kinyesi popote, na mnana anayenya katika chombo cha maji cha kuku amefanya ubaya wa kweli. Walakini ubaya huo hupitia katika chakula na maji yaliyoachwa wazi. Maji yakiwekwa chini ya paa, katika chombo chenye mdomo mwembamba, na pumba zisipomwagwa uani, mnana hana la kushukia. Panya, ambaye hakuna aliyemshitaki, ni mbaya kuliko mnana, maana hulala ndani ya banda.

Kuna mchukuzi mwingine tunayemwogopa zaidi, naye ni kuku mgeni. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi mjini mwezi wa Januari na Walikale mwezi wa Machi. Watu wamekimbia wakiwa na mtoto mgongoni na kuku kwapani, kwa sababu kuku ndiye mali inayoweza kubebwa. Kuku wa vijiji kumi hulala pamoja chini ya hema moja, kisha hutawanyika tena. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini ndugu anayempokea mgeni na kuku wake, amfunge kuku huyo peke yake kwa siku 14 au zaidi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waliogopa asipotee, sisi twaongeza sababu ya pili. Tena kamba haimfichui kuku aliyejificha ugonjwa tumboni, kwa hiyo na aulizwe mwenyewe: vifaranga wa kuku huyu walikuwaje?

Pullorum kwa kawaida haimdhuru mtu. Zipo aina nyingine, Enteritidis na Typhimurium, zinazotudhuru sisi. Nchini Kongo waganga waliopima damu ya wagonjwa kati ya mwaka 2007 na 2014 walizikuta mara kwa mara katika damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Si kwamba kila mmoja wao alikula yai bovu. Vijidudu hao hupita pia katika maji machafu na mikononi. Lakini yai tunaliweza. Lichemshwe mpaka kiini kigande, asipewe mtoto yai bichi kwa kuitwa dawa ya kikohozi, na mikono ioshwe kwa sabuni au majivu baada ya kushika kuku.

Twamrudia yule mama. Amebakiwa na vifaranga wawili, nao wamechangamka. Moyo utamwambia awafanye mbegu, kwa kuwa ndio walioshinda kifo. Asifanye hivyo. Awalishe mbali na wenziwe, wakinenepa wapikwe vizuri waliwe. Wakitaga, mayai yao yachemshwe, yasiatamishwe. Mama yao naye vivyo hivyo. Mayai ya mbegu ayatafute katika nyumba ambayo vifaranga wake wa mwaka huu wamekua wote, na kiota akiweke penye ukavu, kwa nyasi mpya. Minana wamekwisha kuhamia mti wa jirani.