Risiti Namba Moja kwa Mara ya Pili

Msomaji anayetunza hifadhidata ya MySQL ameuliza: diski imejaa mafaili ya binlog.000001, binlog.000002 na kuendelea. Je, ayafute yote kwa RESET MASTER?

Ndani ya mafaili hayo seva kuu huandika kila badiliko la data, na seva nakala huyasoma zipate kulingana nayo. Wengi huyaita "logi". Wengine husema "kumbukumbu", neno lililokwisha kubebeshwa mizigo mingi mno. Lakini mabaharia wa pwani wana lao la zamani: batli, yaani daftari la safari ya chombo. Linafaa kuliko yote, na hakuna haja ya kubuni jingine.

Tangu toleo la 5.6, kila muamala kwenye batli unaweza kupewa GTID: utambulisho wa seva wenye alama 36, kisha namba ya mfululizo. Hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua duka la jumla Kariakoo lenye tawi Morogoro. Karani wa Kariakoo huandika kila mauzo kwenye risiti yenye namba, wa Morogoro huzinakili, na kila asubuhi hupiga simu: "Nimefika 800, nipe zinazofuata." Siku moja Kariakoo wanachoma vitabu vyote na kuanza tena na risiti namba 1. Simu ikipigwa wakiwa wamefika 300, kosa linajulikana papo hapo, maana tawi haliwezi kuwa na risiti nyingi kuliko duka lenyewe. Kazi inasimama, na ni heri.

Balaa ni simu ikichelewa. Kariakoo wakishafika 1000, Morogoro wataomba 801, watapewa 801, na wataendelea kuandika kwa raha. Zile mpya za 1 hadi 800 hazitafika kamwe, kwa kuwa tawi linaamini linazo. Hakuna kengele itakayolia.

RESET MASTER ndiyo moto huo, Kariakoo ikiwa seva kuu na Morogoro seva nakala: hufuta batli zote pamoja na historia ya GTID. Toleo la 8.4 la mwaka 2024 limeiondoa amri hiyo na kubakiza RESET BINARY LOGS AND GTIDS, jina refu linalotaja bayana kinachopotea.

Thamani ya batli ilionekana kwenye GitHub, jukwaa la kutunza msimbo wa programu, mnamo Oktoba 2018. Mtandao ulikatika kwa sekunde 43, na hifadhidata moja ikabaki na maandishi 954 ambayo hayakuwa yamefika upande wa pili. Yalisalimika ndani ya batli.

Msomaji aangalie kwanza kila seva nakala imesoma hadi faili gani, kwa SHOW REPLICA STATUS, kisha atumie PURGE BINARY LOGS TO kufuta yaliyotangulia lile la nyuma kabisa kati ya hayo tu. Toleo la 8.0 lenyewe hufuta batli zilizopita siku 30. Kama diski ni ndogo, apunguze siku hizo.