Kinga ya Mwili Inapoziba Mishipa ya Moyo

Mshtuko wa moyo huja ghafla, lakini huandaliwa kwa miaka mingi ndani ya kuta za ateri. Miongoni mwa vinavyouandaa ni seli zilezile zinazotukinga na kifua kikuu.

Kolesteroli mbaya ikizidi katika damu, sehemu yake hunasa kwenye ukuta wa ateri. Chembe nyeupe ziitwazo monosaiti huifuata, hugeuka makrofaji na kuimeza hadi zinajaa mafuta. Makrofaji iliyomaliza kazi hupaswa kufa kwa utaratibu na kumezwa na wenzake. Ila ndani yake mna protini, Akt, inayoiamuru iendelee kuishi. Katika maabara ya MacRae Linton, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, panya ambao seli zao za uboho zilikosa aina mbili za Akt walipata utando mdogo zaidi wa mafuta.

Basi tuziue makrofaji hizo? La. Utando ukishakomaa, seli hufa kwa wingi kuliko zinavyozolewa. Mizoga hurundikana na kuwa kiini laini. Gamba lake likipasuka, damu huganda na njia huziba. Kifo kilichosaidia mwanzoni hudhuru mwishoni.

Mwaka 2017, jaribio la CANTOS lenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo lilipima kanakinumabu, dawa inayozima mojawapo ya ishara ambazo seli za kinga hutumia kuchochea uvimbe. Mashambulizi mapya ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa takriban asilimia 15, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Kwa hiyo Walikale, mashariki mwa Kongo, penye malaria na ambako mapigano ya Machi 2025 yaliwafukuza watu majumbani, kudhoofisha kinga ni hatari kubwa.

Njia salama ni kuzuia jeraha la ateri lisianze, nayo inawezekana: mwaka 1959 Shaper na Jones waliripoti kutoka Uganda kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu mno kwa Waafrika, huku ukiwapata wakazi wenye asili ya Asia.

Kwa hiyo, mama ukimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, omba nawe upimwe tansiyo, yaani shinikizo la damu, ambalo likipanda hujeruhi ateri. Baba, acha tumbako. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula bora. Mawese yapungue sufuriani. Na wanaopeleka dawa Walikale wapeleke pia mashine za tansiyo na vidonge vyake, kwa sababu moyo wa mkimbizi nao unahitaji kulindwa kabla haujaumia.