UTUNZAJI WA BASTOLA NDOGO YA ULINZI

Chama cha msingi chenye ghala na kasha la fedha aghalabu huwa pia na mlinzi, na baadhi ya walinzi hao huchukua silaha. Katika sehemu nyingi malipo ya mazao siku hizi hupitia benki, hivyo fedha taslimu ofisini zimepungua. Lakini hazijakwisha, na mazao yenyewe hulala ghalani usiku kucha. Silaha inayolinda mali hiyo yastahili kukaguliwa kama inavyokaguliwa mizani. Mizani ikiharibika, mkulima hupunjwa kilo. Bastola ikiharibika, mtu aweza kufa, na si lazima awe mwizi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba nchini Tanzania umiliki wa silaha huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na kibali asiikamate bastola, hata kwa nia njema ya kuipangusa vumbi. Katibu anayetaka kuiona aione mikononi mwa mwenye kibali.

Bastola ndogo hupendwa kwa sababu ni nyepesi na hukaa kiunoni bila kusumbua. Mfano unaojulikana sana ni Makarov, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Urusi ya Kisoviet mwaka 1951. Uzito wake ni gramu 730 hivi, na magazini yake huchukua risasi 8. Lakini udogo una gharama. Kifuniko cha juu, kile kinachorudi nyuma ili kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine, husafiri mwendo mfupi, na springi yake ni ngumu. Kwa hiyo uchafu kidogo, springi iliyochoka, au mkono uliolegea wakati wa kufyatua, huweza kukikwamisha. Tena silaha inayobebwa karibu na mwili hupata jasho, vumbi na nyuzi za nguo kila siku, hata kama haijafyatuliwa mwaka mzima. Ndiyo maana hoja ya kwamba “haijatumika, basi haihitaji kusafishwa” haina msingi wowote.

Kabla ya kusafisha, risasi zote ziondolewe na kuwekwa chumba kingine. Hapa utaratibu una maana kubwa kuliko jambo lolote katika makala haya. Magazini hutolewa kwanza, ndipo kifuniko huvutwa nyuma ili risasi iliyomo chemba itoke. Mwenye kugeuza mpango huo, akavuta kifuniko kwanza na kutoa magazini baadaye, huwa ametoa risasi moja na kuingiza nyingine. Naye huamini kwamba silaha ni tupu. Chemba itazamwe kwa macho, kisha iguswe kwa kidole, maana taa ya ofisini usiku hudanganya. Mtutu uelekezwe wakati wote mahali pasipo na mtu.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu. Mtutu hupitishwa burashi kuanzia upande wa chemba inapowezekana, kisha kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Katika Makarov mtutu hautoki, kwa hiyo burashi huingia kwa mbele na yahitaji mkono wa taratibu. Baadhi ya risasi za zamani za kijeshi zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Mafuta peke yake hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha mtutu ukaushwe vizuri na kupakwa mafuta siku ile ile.

Walinzi wengi hukosea kwa kuzidisha mafuta. Mafuta mengi hukamata vumbi na kugeuka tope. Tone moja moja kwenye njia ambamo kifuniko huteleza latosha. Pini inayogonga fataki katika Makarov hucheza huru bila springi. Tundu lake liwe safi na kavu, kwa kuwa mafuta yaliyoganda humo huifanya igonge kwa unyonge au isigonge kabisa. Risasi nazo zisipakwe mafuta hata kidogo. Yakipenya kwenye fataki, risasi huharibika, na kwa nje hung’aa kana kwamba ni mpya.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani. Mlinzi huingiza risasi chemba kila jioni na kuitoa kila asubuhi, na aghalabu huwa ni risasi ile ile ya juu. Kila inapoingia, ncha yake hugonga chuma na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, mgandamizo wakati wa kufyatua hupanda, na silaha huweza kupasuka mkononi. Risasi hiyo isimamishwe mezani kando ya mpya. Ikionekana fupi, isitumike, irejeshwe polisi. Springi ya magazini nayo, kinyume cha wasemavyo watu, huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara kwa mara kuliko kukaa imebanwa.

Silaha isihifadhiwe ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na pwani, palipo na hewa ya chumvi, siku chache tu zatosha kuleta kutu. Iwekwe kasha la chuma lenye kufuli, nayo imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta.

Yabaki daftari. Safu isemayo “iko salama”, iliyotiwa sahihi mwezi baada ya mwezi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, humweleza mkaguzi kwamba kasha halikufunguliwa. Daftari lionyeshe namba ya silaha, idadi ya risasi zilizohesabiwa, tarehe ya kusafishwa, na jina la aliyesafisha. Fundi mwenye leseni aitazame springi kila mwaka, na mlinzi apelekwe kulenga shabaha mahali palipoidhinishwa, kwa risasi za aina ile ile anayobeba kazini. Gharama hiyo iingizwe katika makisio ya chama kabla ya msimu wa ununuzi, isije ikakatwa katika posho ya mlinzi.