Sura ya Tano: Daftari la Mwezi wa Ramadhani

Kila niendapo Nairobi au Mombasa, na watu wakapata kujua kwamba nimefanya makazi Garissa kwa miaka mingi, huniuliza swali moja kwa sauti ya chini, mithili ya mtu aulizaye habari ya hazina iliyofukiwa: siri ya hawa wafanyabiashara wa Kisomali ni nini? Wengine huwa wamekwisha kujijibu kabla sijafumbua kinywa. Mmoja husema ni fedha za maharamia wa baharini. Wa pili husema ni damu, kwamba Msomali hamtupi Msomali. Wa tatu, naye aghalabu ni mtu mwenye shahada, hunong'ona kwamba ni hirizi iliyozikwa chini ya kizingiti cha duka. Sura hii nimewaandikia hao watatu, na msomaji asiye na dhana hizo aniwie radhi, maana nitakawia sana katika kuzing'oa.

Habari ya hirizi nitaimaliza upesi. Nimejua maduka mawili yaliyofukiwa hirizi kizingitini, na yote mawili yamefungwa: moja kwa sababu mwenyewe alikopesha bila ya kuandika, la pili kwa sababu alileta makoti mazito katika mji ambao jua lake karibu lichemshe birika pasipo kuni. Ndugu wa hirizi katika zama zetu ni ule ujumbe unaozunguka katika simu kila Shaabani, kwamba atakayetangulia kuwapa watu habari ya kuingia kwa Ramadhani ataharimishiwa moto. Masheikh wamekwisha kusema mara nyingi kwamba maneno hayo hayana asili katika hadithi, na bado kila mwaka mimi huletewa ujumbe huo na watu ambao hawajalipa deni la sukari la mwaka uliopita.

Nilipoipanga sura hii niliipa milango mitatu, nayo ni mkopo, zaka na futari, ili msomaji aingie mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu. Lakini kabla ya mlango wa kwanza yanipasa kusema neno juu ya maharamia, na neno hilo halina budi kutupeleka Nairobi, katika nyumba moja ya wageni iliyochukua jina la mji wetu.

Utawala wa Siad Barre wa Somalia ulipoanguka Januari 1991, na watu wakamiminika kuvuka mpaka, wengi wakisimama Dadaab na wengine wakiendelea hadi mji mkuu, ilikuwapo katika mtaa wa Eastleigh nyumba iliyoitwa Garissa Lodge, ambako wasafiri wa Kaskazini Mashariki walizoea kufikia. Wakimbizi wakapanga vyumba vyake. Na kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kuuzia, kitanda walichokilalia usiku walikitandazia bidhaa mchana, vitambaa na viatu na vyombo vya umeme, na mzigo uliozidi wakausukuma uvunguni. Wateja wakawa wengi kuliko wageni. Haukupita muda vyumba vikageuka maduka kamili, korido ikawa njia ya soko, na wenye majengo mengine wakaona na kuiga, hata mtaa uliokuwa wa nyumba za kukaa ukawa wa majumba ya maduka ya ghorofa kadhaa. Wengi wa wajenzi hao hawakuhitaji sanduku la dhahabu kutoka baharini, maana mpangaji mwenyewe hutoa kabla fungu kubwa la fedha liitwalo gudwili ili awekewe duka lake, hivyo jengo husimama kwa fedha za watakaolitumia, zikichanganywa na za jamaa walio ughaibuni na za wenye mifugo waliouza ng'ombe wao. Na sasa tuitazame tarehe. Fidia za maharamia zilishamiri kati ya 2008 na 2011, wakati ambapo vyumba vya Garissa Lodge vilikuwa vimefanya biashara kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Sitaki kusema kwamba hakuna senti moja ya haramu iliyopata kuingia Eastleigh, kwa kuwa hakuna mtaa wa biashara duniani ninaoweza kuuapia hivyo. Nasema tu kwamba mtu hawezi kupanga duka mwaka 1992 kwa fidia ya mwaka 2009.

Nimekwenda mbali kuliko nilivyokusudia, na bado damu inangoja.

Lau damu ingelitosha kuwa rasilmali, Mogadishu isingelivunjika mwaka ule ule wa 1991, kwa maana waliopigana pale walikuwa wa lugha moja, dini moja na nasaba zinazokutana juu. Ukoo una kazi yake, wala sikanushi. Humtambulisha mgeni na kumpa mlango wa kubisha. Lakini kumpa mzigo wa mkopo ni jambo jingine, na nimewaona ndugu wa baba mmoja wakinyimana gunia la mchele ilhali jirani wa ukoo wa mbali akipewa kumi. Hata ule mchezo wa kuchanga na kupokezana, ambao wanawake wa Garissa huuita ayuto na wa pwani huuita upatu, si urithi wa kabila lolote. Wamexico walio Marekani wanao, nao huuita tanda, na huchangiana kwa zamu vile vile. Kinachouendesha ni hofu ya aibu kwa yule atakayepokea zamu yake ya kwanza kisha akakimbia.

Sababu ya watu wa huku kuitegemea sana dhamana ya mtu kwa mtu inajulikana, na ni ya serikali zaidi kuliko ya nasaba. Eneo hili lilipoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Waingereza walilifunga kwa sheria iliyoanza mwaka 1902, mtu asiingie wala asitoke bila ya kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, na amri za hali ya hatari zikaendelea mpaka 1991. Mfanyabiashara aliyelelewa katika hali hiyo, asiyekuwa na benki ya kumkopesha wala hati ya ardhi ya kuweka rehani, alikuwa na kitu kimoja tu cha kuweka mezani, nacho ni jina lake.

Jinsi jina linavyogeuka kuwa fedha huonekana wazi kabisa katika soko la mifugo la Garissa, moja katika masoko makubwa ya Afrika ya Mashariki, na hapa naomba subira, kwa sababu watu husema dalali ni mlaji wa jasho la wengine, na mimi nimekaa sana na madalali hata siwezi kulipitia neno hilo kimya. Mchungaji afikapo na ng'ombe wake kutoka Ijara au kutoka ng'ambo ya mpaka, hamjui mnunuzi aliyetoka Nairobi, wala mnunuzi hamjui yeye. Mnunuzi anaogopa mambo mawili: kwamba mnyama ni wa wizi, na kwamba ni mgonjwa. Mchungaji anaogopa moja, kwamba fedha hazitakuja. Dalali husimama katikati. Kwa mchungaji, anajua ukoo wake, kisima chake na alama ya moto iliyo ubavuni mwa mnyama. Kwa mnunuzi, anajua ni nani aliyelipa safari iliyopita. Bei yaweza kukatwa kwa vidole vilivyoshikana chini ya shuka, desturi ya Wasomali ya tangu zamani, ili walio pembeni wasiisikie. Lakini msomaji asishangazwe na shuka, kwa kuwa wageni wote huipiga picha na kusahau lililo kubwa. Lililo kubwa ni kwamba siku ya tatu, mwenye ng'ombe aliyeibiwa akitokea na shahidi, anayetafutwa ni dalali. Na mnunuzi aliyechukua wanyama kwa ahadi ya kulipa akishauza Nairobi, asiporejea, anayetafutwa ni dalali yule yule. Ujira wake ni bei ya hatari hiyo. Dalali aliyeshindwa mara mbili hubaki kuja sokoni kunywa chai tu.

Sasa twaweza kuingia Ramadhani, maana mwezi huu ndio unaofunua daftari.

Watu husema biashara ya Garissa hulala Ramadhani. Hao wamepita saa tisa ya mchana, wakaona wenye maduka wamejinyosha katika vivuli, wakaenda zao. Wangelirejea baada ya tarawehe wangeliona Suq Mugdi, soko ambalo jina lake kwa Kisomali ni soko la giza, likiwaka taa, akina mama wakipima vitambaa vya watoto kwa ajili ya Idi, na mikokoteni ikigombania njia hadi karibu na daku. Tende huletwa kutoka Arabuni, sukari na mchele kutoka bandarini, matikiti na ndizi kutoka mashamba ya ukingo wa Tana yanayolimwa na Wamunyoyaya na majirani zao, na maziwa ya ngamia huletwa na wanawake katika madumu ya manjano. Duka la rejareja la mtaani haliwezi kununua haya yote kwa fedha taslimu katika juma moja. Kwa hiyo mwenye duka huchukua kwa mkopo Shaabani na kulipa karibu na Idi. Basi ukitaka kujua ni nani anaaminika, angalia nani amepewa mzigo kabla ya mwezi kuandama.

Na hapo ndipo zaka inapoingia, nayo ndiyo iliyodhulumiwa kwa dhana mbovu kuliko jambo lolote katika kitabu hiki. Watu wengi, Waislamu pia, hudhani zaka ni ihsani ya mwenye moyo laini, na kwamba aliyetandika majamvi mbele ya duka akafuturisha watu mia amekwisha kuitoa. La, futari ni sadaka, na thawabu yake iko kwa Mola. Zaka ni haki ya wenye kustahiki, ina kiasi na ina wakati. Bidhaa za biashara zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, hutolewa robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5. Mwenye mbuzi arobaini wa malisho hutoa mmoja. Mwenye ng'ombe thelathini hutoa ndama wa mwaka. Mwenye ngamia watano hutoa kondoo au mbuzi. Wengi wameifanya Ramadhani kuwa mwisho wa mwaka wao wa zaka, na hebu fikiri maana yake: mtu ambaye hakuna mkaguzi aliyepata kumkanyagia duka hulazimika kuhesabu kila mtumba wa nguo na kila gunia, kutenga deni linalotarajiwa kulipwa na lile lililokufa, na kujua kwa yakini kama mwaka huu ana zaidi au pungufu. Wanaotafuta siri na waitafute humo, katika hesabu ya bidhaa.

Zaka ya fitri ni nyingine tena: pishi moja ya chakula cha mji kwa kila kichwa cha nyumba, kama kilo mbili na nusu hadi tatu, nayo hutolewa kabla ya sala ya Idi.

Mkopo huu wa kuaminiana kwa jina ulijaribiwa vikali mwaka 2015. Baada ya mauaji ya tarehe 2 Aprili katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 walipoteza maisha, serikali ilizifunga kampuni kumi na tatu za hawala, zikafunguliwa tena Juni, mwezi ule ulioingia Ramadhani. Hawala wengi huidhania uchawi wa fedha. Mtu wa Minneapolis humpa wakala dola. Wakala hupeleka ujumbe. Wakala wa Garissa humlipa mama wa mtu huyo siku hiyo hiyo kutoka katika fedha alizo nazo, na mawakala hulipana baadaye, mara nyingi kwa bidhaa zinazopita Dubai. Njia hiyo ikizibwa, mama hana fedha ya unga, na anayebaki kumvusha ni mwenye duka aliye na jina lake katika daftari.

Waama, sisemi hawa ni malaika. Jina linalofungua mlango kwa mmoja humfungia mwingine, na kijana wa Kikamba au wa Kimeru anayeuza vyombo sokoni atakwambia kwamba amechukua miaka mingi kupata mkopo ambao mwana wa mji huupata kwa miezi. Lakini anayesema kwamba wanajuana wao kwa wao tu hajaangalia Desemba, ambapo malori ya mbuzi hushuka Nairobi kwa ajili ya Krismasi, mchungaji, dalali na mchinjaji wakitegemeana juu ya sikukuu ambayo wawili kati yao hawaisherehekei.

Nilipata kualikwa katika hoteli moja ya Nairobi, kwa ada ambayo ingelinunua mbuzi mzuri, kuhudhuria semina ya kujenga mtandao wa biashara. Tulifundishwa namna ya kushikana mikono, tukagawiwa kadi, nikarejea Garissa na kadi thelathini na moja. Nilimwonyesha mzee mmoja wa Suq Mugdi. Akazipanga juu ya meza kama karata, akauliza, "Katika hawa, sheikh, nani atakulipia deni ukifa?" Sikuwa na jibu, naye akaendelea kupima sukari.

Juu ya sukari hiyo nina hukumu moja ambayo sitaipunguza makali. Mwenye kuificha Shaabani ili aiuze Ramadhani kwa bei ya kiu, kisha akatandika majamvi ya futari mbele ya duka na kuita wapiga picha, ni mlanguzi, na sheria inamwita hivyo kabla yangu.

Msomaji atakayetaka kuyahakikisha haya na apande basi Nairobi asubuhi katika kumi la mwisho la mwezi, kilomita 370 hivi, avuke daraja la Tana kabla ya magharibi, afuturu popote atakapokaribishwa, maana atakaribishwa, kisha baada ya tarawehe aende Suq Mugdi akae kitako karibu na muuza nguo yeyote. Kadi zake aziache nyumbani.