Mpandaji wa Unguja, chunga jua la Kibo

MJI MKONGWE. Pale Jaws Corner, kahawa ikimiminwa, ukitaja theluji utaulizwa kama friji yako imeharibika. Wana haki. Unguja nzima haina kilima kinachofika mita 200.

Lakini watu wa pwani na Kilimanjaro wanajuana zamani. Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller, alikusanya wapagazi hapa hapa Zanzibar. Na aliyebaki nao kwenye kambi ya juu, akivumilia baridi, alikuwa Mwini Amani wa Pangani.

Anayejiandaa leo kupanda akitokea kisiwani ana faida moja: kalenda anaijua. Masika hii inayojaza maji mitaani ndiyo inayoshuka theluji kule Kibo, na vuli vivyo hivyo. Theluji mbichi huficha njia na inateleza vibaya. Ndiyo maana wengi hupanda Januari na Februari, kaskazi ikivuma, au wakati wa kusi, Juni hadi Oktoba.

Sasa hapo ndipo watu wanapojisahau. Tarehe 4 Januari 2006, ndani ya msimu huo huo mzuri, mawe yaliporomoka Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier. Wamarekani watatu walikufa, wengine wakajeruhiwa. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa. Mwaka 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine upande huo huo.

Milima ya Ulaya huua kwa maporomoko ya theluji. Western Breach hofu kubwa ni mawe. Usiku maji yaliyo kwenye nyufa huganda, yakashika mawe kama saruji. Jua likipasha miamba, barafu inaachia. Likianza moja, linaondoka na wenzake. Na barafu ya kudumu kila mwaka inapungua, kwa hiyo mawe yasiyo na kishikizo yanazidi.

Wanaopita pale huondoka usiku wa manane, helmeti kichwani, wavuke sehemu mbaya kabla jua halijakolea. Mwongozaji akikuamsha saa tano za usiku, usimwombe dakika kumi za kulala.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hakuna lazima ya Western Breach hata kidogo. Marangu na Machame hazipiti pale, na kilele cha Uhuru ni kile kile, mita 5,895.