Fahamu: Mipira Iliyolegea na Takwimu Zilizozua Ubishi

Januari 18, 2015, katika mchezo wa soka ya Kimarekani, New England Patriots waliichapa Indianapolis Colts 45–7. Wakati wa mapumziko, mipira 11 ya Patriots ilipimwa. Yote ilikuwa chini ya kiwango, pauni 12.5 kwa inchi ya mraba. Mpira uliolegea hushikika vizuri, hauponyoki ovyo. Mchambuzi Warren Sharp akafukua takwimu: tangu 2007, alidai, Patriots walidondosha mpira mara chache kupita kiasi. Wanatakwimu wakamjia juu. Mbona timu za viwanja vyenye paa umezitoa? Na kocha asiyemvumilia mdondoshaji, je? Isitoshe, baridi hupunguza shinikizo la hewa ndani ya mpira, na geji mbili za waamuzi zilisoma tofauti. Hata hivyo, Tom Brady, mrushaji mkuu wa Patriots, alifungiwa mechi 4 kwa sakata hilo.